Aliyeumia Uti wa Mgongo Naye Anazeeka

Kijana aliyeanguka kutoka juu ya mti mwaka 1995 akiwa na miaka 25, pingili ya mgongo ikavunjika na miguu ikafa ganzi, leo ameshavuka miaka 50. Amelea watoto, amejenga, amezika wazazi. Macho yanadai miwani, presha imeanza kupanda, na bega la kulia halimpi usingizi. Akilipeleka bega hilo kituo cha afya, mhudumu hutazama miguu kwanza. Humuuliza aliumia lini, humwandikia vidonge vya maumivu, kisha humshauri aupumzishe mkono. Aupumzishe vipi mkono ambao ndio unaomtoa kitandani, ndio unaosukuma kiti, ndio unaomhamishia chooni?

Huduma za afya karibu kote duniani zimejifunza namna ya kumwokoa mtu aliyeumia uti wa mgongo. Kumhudumia akiwa na miaka ishirini au thelathini tangu aumie ni somo jingine, na waliolisoma bado ni wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha hili. Wengi wao waliumia wakiwa vijana, maana ajali za barabarani, za kazini na za kuanguka huwakuta zaidi wale wanaopanda, wanaoendesha na wanaobeba. Vijana hao wanazeeka.

Zamani swali la uzee wao halikuwepo, kwa sababu hawakuufikia. Maandishi ya kitabibu ya Misri ya kale, yaliyonakiliwa yapata miaka 1,600 kabla ya Kristo, yanamweleza kwa usahihi mtu aliyevunjika shingo: hana habari na mikono wala miguu yake, mkojo unatoka bila mwenyewe kujua. Tabibu yule alihitimisha kwamba hayo ni maradhi yasiyo na tiba. Hali haikubadilika sana kwa maelfu ya miaka. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi wengi sana walioumia uti wa mgongo walikufa ndani ya wiki au miezi michache, na si jeraha lenyewe lililowaua. Waliuawa na uchafu wa mkojo uliorudi kwenye figo, na vidonda vya kulalia vilivyooza hadi sumu ikaingia kwenye damu.

Aliyeukataa utaratibu huo wa kusubiri kifo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi na kufika Uingereza mwaka 1939. Tarehe 1 Februari 1944 alifungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuwa na dawa mpya. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mara nyingi alipita mwenyewe wodini usiku kuhakikisha linafanyika. Alisimamia usafi wa kibofu. Aliwapa wagonjwa kazi na michezo. Julai 29, 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wanamichezo 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu walishindana kulenga shabaha kwa upinde katika viwanja vya hospitali hiyo. Hapo ndipo ilipoanzia Paralimpiki, na mwaka 1972 Kenya na Uganda zilikuwamo katika michezo hiyo iliyofanyika Heidelberg, Ujerumani.

Mwaka huohuo wa 1972, daktari wa njia ya mkojo kutoka Michigan, Jack Lapides, alichapisha wazo lililowashangaza wenzake: mgonjwa anaweza kujiingizia mwenyewe mpira wa mkojo mara kadhaa kwa siku, nyumbani, kwa mpira ulio safi bila kuhitaji vifaa vya chumba cha upasuaji. Wazo hilo limeokoa figo zisizohesabika. Mkojo ukitolewa wote kwa wakati, presha ndani ya kibofu haipandi, na figo hupona.

Basi watu wakaanza kuishi. Watafiti waliofuatilia watu zaidi ya 800 waliotibiwa katika vituo viwili vya Uingereza, wote wakiwa wameumia zaidi ya miaka 20 kabla, walichapisha matokeo yao mwaka 1992. Yalionyesha mabadiliko ambayo waganga wa zama za Guttmann wasingeyatarajia. Vifo vya figo vilikuwa vimeshuka, na nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na maradhi ya moyo na ya mapafu. Majeruhi hawa walikuwa wameanza kuugua magonjwa ya wazee wengine, ila kwa njia yao.

Njia hiyo ina sababu. Uti wa mgongo ni kamba ya neva unene wa kidole, inayopita ndani ya pingili ikibeba amri za ubongo kwenda kwenye mwili na taarifa za mwili kurudi kwenye ubongo. Ikikatika au kupondeka, watu huona amri zilizopotea: miguu haitembei. Katika uzee, hasara kubwa zaidi ni ya taarifa. Maumivu ndiyo yanayompeleka mzee yeyote hospitali, na mtu huyu sehemu kubwa ya mwili wake haimletei maumivu. Mfupa unaweza kuvunjika, jiwe likajaa kwenye kibofu, kidole tumbo kikapasuka, naye akahisi uchovu tu, au jasho, au miguu kukakamaa kuliko kawaida. Kwa hiyo matibabu yanayosubiri mgonjwa alalamike hayamfai. Anahitaji kuchunguzwa kwa ratiba, hata siku anaposema yuko salama.

Tuanze na bega, kwa kuwa ndilo linalowatesa wengi mapema.

Bega la binadamu limeumbwa kuupa mkono uhuru wa kuzunguka. Halikuumbwa kubeba mwili mzima. Mtu aliye kwenye kiti hulifanyisha kazi ya nyonga: kila anapojiinua kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda kwenye daladala, uzito wote hupita kwenye kano ndogo zinazozunguka kiungo hicho. Kusukuma kiti kwenye kokoto au mchanga wa Pwani kunaongeza mzigo. Baada ya miaka 15 au 20 kano huchakaa, wakati mwingine huchanika, na tafiti nyingi zimekuta maumivu ya bega kwa nusu ya watumiaji wa viti au zaidi. Viganja navyo hufa ganzi kwa neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Mtu aliyekuwa akijitegemea kwa kila kitu tangu ujana anajikuta, akiwa na miaka 45 tu, hawezi kujihamisha bila msaada. Wengi husema kuwa hilo liliwauma kuliko ajali yenyewe, kwa sababu walikwisha kujijenga upya mara moja.

Kinga ipo, na sehemu yake haina gharama. Ubao laini wa kutelezea kati ya kitanda na kiti hupunguza kujiinua, na fundi seremala yeyote anaweza kuutengeneza. Kitanda na kiti vikiwa na kimo sawa, bega halipandi mlima. Kusukuma gurudumu kwa mkono mrefu na wa polepole ni bora kuliko kuligongagonga mara nyingi. Vitu vya kila siku vishushwe, visiwekwe juu ya kabati. Zaidi ya yote, kiti kiwe chepesi na kimepimwa kwa mwili wa mwenyewe. Hapa Afrika Mashariki ina hazina isiyojulikana vya kutosha: chuo cha TATCOT mjini Moshi kimefundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Pamoja na hayo, viti vingi vinavyogawiwa kwenye hafla, na picha zikapigwa, ni vile vizito vya hospitali vilivyotengenezwa kumsukuma mgonjwa kutoka wodini kwenda eksirei. Kumpa mtu kiti cha namna hiyo akikalie miaka kumi ni kumharibia mabega, na wanaovigawa wanapaswa kuambiwa hivyo waziwazi.

Ngozi nayo huzeeka. Inakuwa nyembamba, damu hupita kidogo, nyama ya makalio iliyokuwa mto wa asili imekwisha. Aliyekaa saa nne mfululizo akiwa na miaka 30 bila tatizo anaweza kutoboka kidonda kwa saa mbili akiwa na miaka 55. Mto wa kukalia uliokuwa mzuri miaka mitano iliyopita umelala na haukingi tena. Sheria za zamani bado ni zilezile: kujinyanyua au kuinama pembeni kila robo saa hadi nusu saa, na kujikagua kwa kioo kila jioni, hasa makalio, visigino na mfupa wa mkia. Ila jicho linalotazama kioo hicho limeanza kuwa na ukungu, kwa hiyo mtu wa pili ahusike. Kidonda kilichopuuzwa huua hata wenye uwezo. Christopher Reeve, mwigizaji wa filamu za Superman aliyevunjika shingo mwaka 1995 kwa kuanguka kutoka kwenye farasi, alikuwa na wauguzi na madaktari ambao wengi hawataota kuwapata. Oktoba 2004, akiwa anatibiwa kidonda cha mgandamizo kilichoingiwa na maambukizi, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 52.

Kuhusu figo kuna mtego ambao hata wahudumu wazoefu huweza kuangukia. Kipimo cha kawaida cha figo katika maabara zetu ni kreatinini, na kreatinini hutokana na misuli. Mtu ambaye misuli yake imesinyaa kwa miaka 30 huzalisha kidogo, hivyo majibu yanaweza kusoma vizuri ilhali figo zimeanza kushindwa. Ultrasaundi ya figo na kibofu kila mwaka inasema mengi zaidi: huonyesha mawe, na huonyesha kama mkojo unarudi nyuma. Kosa jingine ni la upande wa pili. Mtu anayetumia mpira wa mkojo karibu wakati wote ana bakteria kwenye mkojo, na bakteria hao peke yao, bila homa wala dalili nyingine, si ugonjwa. Kumpa antibiotiki kila kipimo kinapotoka na bakteria ni kuwafuga wadudu sugu, na siku maambukizi ya kweli yatakapokuja dawa zitakuwa zimekwisha nguvu.

Wanaokaa na mpira ndani ya kibofu kwa miaka mingi wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya kibofu. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa na wa Pwani hatari hii ina jirani yake: kichocho cha mkojo, ambacho nacho husababisha saratani hiyohiyo. Mkojo wenye damu kwa mtu wa namna hii hautibiwi kwa kubahatisha. Kibofu kitazamwe kwa kamera.

Mifupa ya miguu isiyobeba uzito hupoteza madini kwa kasi katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo, kisha huendelea kudhoofika taratibu. Mwanamke anapokoma hedhi hupata pigo la pili. Mfupa wa paja huweza kuvunjika mtu anapogeuzwa kitandani, au mguu unaponasa kwenye kiti wakati wa kuhama. Dalili inaweza kuwa uvimbe na joto la mguu tu, na si mara moja imedhaniwa kuwa ni jipu.

Kisha ipo dharura moja ambayo kila muuguzi wa zamu angepaswa kuijua. Kwa mtu aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua, kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kero yoyote chini ya jeraha inaweza kupandisha presha kwa ghafla na kwa kiwango cha kutisha. Kero hiyo inaweza kuwa kibofu kilichojaa kwa kuwa mpira umekunjika, choo kigumu, ukucha uliozama, hata mkanda uliobana. Mtu huumwa kichwa cha kugonga, uso huwa mwekundu au hujaa jasho, vinyweleo husimama. Presha yake ya kawaida mara nyingi ni ya chini, kama 90 kwa 60. Akipimwa na kukutwa 150 kwa 95, asiyemjua ataona presha ya mzee yeyote na kumlaza kitandani apumzike. Kumlaza ndilo kosa lenyewe. Anatakiwa akalishwe wima, miguu ishushwe, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe, kisha choo. Kero ikiondolewa presha hushuka. Isipoondolewa, mshipa wa ubongo unaweza kupasuka. Kadiri umri unavyosogea vichochezi huongezeka, kwa sababu tezi dume hukua, bawasiri hujitokeza na tumbo hufanya kazi polepole. Baadhi ya wanaoishi na hali hii hutembea na kadi mfukoni yenye maelezo hayo kwa mistari michache. Ni wazo ambalo hospitali zetu zingeweza kulichapisha kwa Kiswahili kesho asubuhi.

Moyo na sukari huja kimyakimya. Mwili ambao nusu yake haifanyi kazi huchoma chakula kidogo, na sahani ileile ya ugali aliyokuwa akila kabla ya ajali sasa hugeuka mafuta tumboni. Mizani haisemi ukweli wote, kwa kuwa misuli iliyopotea ilikuwa na uzito wake. Mtu anaweza kuonekana mwembamba huku mafuta yamemzidi. Wapenzi wa muziki wanamkumbuka Curtis Mayfield. Agosti 1990 mitambo ya taa ilimwangukia jukwaani huko Brooklyn, akapooza kuanzia shingoni. Mwaka 1996 alitoa albamu mpya, akiimba mstari mmoja mmoja akiwa amelala chali ili mapafu yapate nguvu. Kisukari kilimfuata, mwaka 1998 mguu wake mmoja ulikatwa, na mwaka uliofuata alifariki akiwa na miaka 57. Mwenzake Teddy Pendergrass, aliyepooza kwa ajali ya gari mwaka 1982, aliishi karibu miaka 28 baada ya ajali hiyo, akarudi jukwaani, na alifariki Januari 2010 kwa mapafu kushindwa, miezi kadhaa baada ya kufanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana. Saratani hiyo kwa wengi hugunduliwa mtu anapoona choo chake kimebadilika. Ambaye choo chake kilibadilika tangu siku ya ajali atakosa dalili hiyo, kwa hiyo kipimo cha damu iliyofichika kwenye choo kina thamani kubwa kwake.

Uchunguzi wa saratani ndipo mlango unapokuwa mwembamba hasa kwa wanawake. Vitanda vya kupimia mlango wa kizazi ni virefu na havishuki. Mashine nyingi za mamografia zinamtaka mtu asimame. Joni Eareckson Tada, mwandishi Mmarekani ambaye shirika lake hupeleka viti vya magurudumu katika nchi nyingi, alipooza mwaka 1967 akiwa na miaka 17 baada ya kupiga mbizi kwenye maji ya kina kifupi. Mwaka 2010 aligunduliwa saratani ya titi, akatibiwa, na ameendelea kufanya kazi akiwa amevuka miaka 70. Maisha marefu kiasi hicho yanawezekana. Yanahitaji wahudumu wanaokumbuka kuwa aliyepooza naye ana matiti, ana mlango wa kizazi, ana tezi dume.

Kwetu hesabu ni ngumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema walioumia uti wa mgongo wana uwezekano wa kufa mapema mara mbili hadi tano kuliko wenzao, na hali ni mbaya zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti wa wagonjwa waliotibiwa hospitali ya KCMC, Moshi, kati ya 2010 na 2014 ulikuta karibu nusu yao waliumia kwa kuanguka na karibu theluthi kwa ajali za barabarani. Nairobi ina hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo, lakini foleni yake inatoka nchi nzima. Mwaka 2012 daktari wa mifugo Zack Kimotho, aliyepooza kwa risasi za majambazi mwaka 2004, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, akiwataka Wakenya wachange shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha utengamao nyumbani ili asilazimike kufika huko. Watu walichanga kwa simu kwa wingi. Lililowagusa mioyoni ni lilelile: majeruhi anahitaji mahali pa kurudi, miaka baada ya jeraha kusahauliwa na wengine.

Na nyumbani yupo mtu mwingine anayezeeka. Mara nyingi ni mama au mke, aliyeanza kumgeuza na kumwinua alipokuwa na nguvu zake, na sasa ana mgongo unaouma na magoti yaliyovimba. Hakuna anayempima presha mama huyu anapomsindikiza mwanawe kliniki. Hakuna anayeuliza ni nani atakayeshika zamu yake akilazwa. Familia zinazoweza hulipa kijana wa kusaidia. Nyingi haziwezi, na wanaohudumiwa huanza kupunguza kunywa maji ili wasimsumbue mtu usiku, jambo linaloharibu figo zilezile zilizookolewa.

Sehemu kubwa ya haya haihitaji hospitali ya rufaa. Hospitali ya wilaya inaweza kumpangia mtu wa namna hii siku moja kwa mwaka: ultrasaundi, sukari na mafuta ya damu, presha akiwa amekaa na akiwa amelala, ngozi yote kuanzia kisogoni hadi visiginoni, mabega, mto na matairi ya kiti, chanjo ya homa ya mapafu inapopatikana, na mazungumzo ya faragha kuhusu usingizi, huzuni na ndoa. Anayemhudumia apimwe siku hiyohiyo. Na bima ilipie mipira ya mkojo kila mwezi, maana mpira mmoja unaotumika wiki kadhaa kwa kukosa pesa humrudisha mgonjwa wodini, na siku moja ya wodi ni ghali kuliko mipira ya mwezi mzima.